Shosho Anaposema Rafu

Fedha, Nairobi

Dada Mwajuma, shikamoo.

Barua hii anakuletea Mama Rehema, jirani yake Fatuma, anayekuja Tanga kwenye arusi ya mdogo wake. Mpe chai na umpumzishe, safari ni ndefu. Naandika nikiwa jikoni, nimekalia ndoo niliyoipindua, mlango nimeuacha wazi ili bibi wa watu akiamka nimsikie.

Vipi miguu yako? Ile dawa ya kuchua uliyopewa hospitali unaitumia, au umeiweka kabatini pamoja na zile nyingine? Watoto wazima? Na lile bati la jikoni lililokuwa linapigapiga upepo ukija, kuna mtu amelipigilia? Nauliza yote haya kwa sababu kwenye simu sisi wawili hatuelewani tena. Tangu sikio lako liharibike, nikisema nimeumwa wewe unasikia nimehama, na mimi siwezi kupiga kelele ndani ya nyumba ya watu. Mwezi uliopita ulimwambia kila mtu pale mtaani kwamba nimehama, hata mjomba akanipigia kuuliza nimehamia wapi.

Sijahama. Nilikaribia kufukuzwa, hilo ni jambo jingine, na ndilo linalonifanya nishike kalamu. Mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Kichwa ndicho kimechanganyikiwa, na kilichokichanganya ni neno moja. Najua utacheka. Lakini nikimaliza kukusimulia, niambie wewe ungelielewa vipi.

Unajua kwamba Fatuma, binti wa mjomba, ndiye aliyenitafutia kazi hii ya kumtunza mama mmoja aliyepooza. Huku bibi wanamwita shosho, basi na mimi namwita Shosho kama wenye nyumba. Ni mama wa Kikuyu, mrefu, mifupa mikubwa, na alikuwa akiuza mbao soko la Gikomba tangu ujana wake, mwanamke peke yake katikati ya wanaume wa misumeno. Kiharusi kilimkuta palepale kwenye mbao zake. Kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na nusu ya mdomo, halafu kikaondoka na maneno yake yote. Kikuyu chake kilikwenda, Kiswahili chake kilikwenda. Anasikia, anaelewa, ukimuuliza kitu anakutazama kwa macho ya mtu aliyefungiwa chumbani na ufunguo uko nje. Upande ule wa kulia, walisema hospitali, hausikii kitu. Hata ukimfinya.

Anaishi na binti yake mmoja tu, Mama Shiru. Shiru mwenyewe yuko shule ya bweni, simjui ila kwa picha. Mama Shiru anafanya kazi ofisini mjini, anatoka asubuhi na kurudi jioni, na Jumamosi na Jumapili anakuwepo. Si mtu mbaya, Dada, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Siku ya kwanza alinionyesha kitanda changu, akaniambia, "Zaituni, hapa hakuna mtu atakuita kwa kengele. Mimi nataka tu mama yangu ashikwe vizuri."

Miezi ya mwanzo tulikwenda hivyohivyo, mimi nikiongea peke yangu na Shosho akinitazama. Nilimsimulia habari zenu zote. Anazijua. Wewe anakujua.

Halafu asubuhi moja namwogesha. Nimemkalisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, kitambaa cha kuogea kilikuwa bado kibichi kwenye kamba, nikaona si neno, nikamsugua kwa viganja. Nikapita mgongoni, nikafika bega la kulia, nikashuka na mkono wake. Akasema:

"Rafu."

Wazi kabisa. Hakuguna, hakukohoa. Nikadhani ni redio ya jirani. Nikasugua tena, akasema tena: "Rafu!"

Nikapiga kelele. Mama Shiru akaja mbio, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akidhani mama yake ameanguka. Nikamwambia, "Amesema!" Akapiga magoti palepale kwenye maji na sketi yake ya ofisini. "Mami! Sema tena. Sema tena, Mami!" Na Shosho akasema. Dada, yule mwanamke alilia, akamkumbatia mama yake, akanikumbatia na mimi na povu langu. Hakuwa amesikia sauti ya mama yake tangu alipougua.

Tulipotulia nikauliza, "Sasa rafu ndiyo nini?"

Hapo akaacha kutabasamu. Nikaona anafikiri. Akasema polepole, "Hebu nione mikono yako."

Mikono yangu unaijua. Unajua kazi ya kuanika singa, nyuzi za mkonge, inavyomfanya mtu, yale maji yake, na nyaya, na jua. Nilikuwa nimezoea kutoiangalia. Mama Shiru akapitisha kidole chake kwenye kiganja changu kama mtu anayepima kitambaa dukani, kisha akakitoa haraka.

"Hii mikono ni rafu sana, Zaituni. Ngozi ya mtu mzee ni laini. Umekuwa ukimkwaruza."

Kukwaruza nikakuelewa, hilo ni neno letu. Lakini mimi rafu naijua ya mpira. Kwetu rafu ni pale mwanao Hamisi alipomkata mvulana wa Muheza miguu yote miwili akatolewa uwanjani. Rafu ni kosa, ni kumuumiza mtu makusudi huku ukijifanya unautafuta mpira. Basi mimi niliposikia mikono yangu inaitwa rafu nilihisi kama nimeshapuliziwa filimbi.

Jioni yake alirudi na sanduku la glavu za mpira, zile za hospitali, na kopo kubwa la mafuta ya kujipaka. Hakunigombeza. Alinipa kwa upole, akaniambia nivae kila nikimgusa mama, na usiku nijipake mafuta. Upole wake ndio uliouma. Angenifokea ningejua pa kujibu.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda mtaa wa Pipeline kwa Fatuma. Anakaa ghorofa ya sita, na chini ya jengo kuna saluni ya msichana mmoja anaitwa Achieng, rafiki yake. Tukakaa hapo saluni. Neno lilikuwa bado linanisumbua, nikaliuliza.

"Achieng, eti rafu ni nini?"

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Rafu? Si ni vile uko saa hii." Akacheka mpaka akadondosha kitana. "Ona hiyo nywele, ona hizo slipa. Uko rafu, Zai. Keti hapo nikusuke."

Fatuma akadakia, "Usimchanganye mgeni. Kuna rafu ingine. Ukisikia wanasema huyo dada ni rafu, wanamaanisha hachezewi. Mtu hawezi kumpanda kichwani."

"Kwa hiyo ni sifa au tusi?" nikauliza.

"Inategemea ni nani anasema," Achieng akasema, "na anasema akiangalia wapi. Huyo shosho wako alikuwa anaangalia wapi?"

"Ukutani. Alikuwa amenipa mgongo."

"Wee! Basi hapo hata mimi sijui."

Nikarudi Fedha nimesukwa vizuri na sijui zaidi ya nilichokwenda nacho. Wiki hiyohiyo Mama Shiru anataka kuandika vitu vya kununua sokoni, ananiambia, "Nipe karatasi yoyote, Zaituni, ni ya rafu tu." Nikasimama nimeshika karatasi nimeganda. Karatasi nayo! Kumbe karatasi ya kuandikia mambo ya kufuta na kukatakata nayo inaitwa hivyo. Nikajiuliza, basi huyu Shosho kati ya haya yote anasema lipi? Kwamba namuumiza? Kwamba mimi ni mchafumchafu? Kwamba mimi ni jasiri? Au kwamba mimi ni kitu cha kujaribia tu, kisha kitupwe?

Lililonitatiza zaidi ni kwamba tangu nivae glavu, Shosho alizidi. Zamani alisema mara moja au mbili. Sasa kila nikimgusa, "Rafu! Rafu!" kwa hasira, machozi yanamtoka jicho moja. Asubuhi moja alilipiga beseni kwa mkono wake mzima, maji yakatapakaa bafu zima. Nikalainisha mkono zaidi. Nikamgusa kama mtu anayegusa yai. Akazidi kulia. Mimi natia mafuta, natia mafuta, viganja vyangu vinateleza hata kikombe hakishikiki, na yeye analia tu. Na Mama Shiru yuko chumbani anajiandaa kwenda kazini, anasikia kila kitu.

Nikuambie na jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku moja ya Alhamisi nilichoka. Shosho alikuwa ameninyima kulala, kisha asubuhi akakataa kuinuka, akajifanya mzito. Nikamvuta. Nilimvuta kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa, na nilijua wakati ninafanya. Hakuumia, hakusema lolote, lakini nililiona jicho lake. Kwa hiyo jambo lilipokuja kutokea, Dada, sikuweza kuapa kwa sauti ya mtu asiye na hatia. Hilo ndilo lililonimaliza.

Lililotokea ni hili. Ijumaa moja Mama Shiru alirudi mapema, akaenda kumbadilisha mama yake blauzi. Halafu akaniita. Kwenye mkono wa kulia wa Shosho, juu ya kiwiko, kulikuwa na alama, ndefu, nyeusi inayoelekea zambarau.

"Hii ni nini?"

"Sijui, mama. Asubuhi haikuwepo."

"Asubuhi aliyemwogesha ni wewe. Mchana ulikuwa naye wewe."

"Ni mimi."

"Zaituni, unamfanyia mama yangu rafu?"

Hapo neno likarudi kwenye maana yangu ya uwanjani, ile niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Nikasema, "Wallahi sijamfanyia." Lakini Alhamisi ile ilinijia, na sauti yangu ikapungua nguvu, na naye akaisikia ikipungua.

"Mbona basi anakuambia kila siku? Neno moja tu Mungu amemrudishia, na hilo moja analia nalo kwako. Mimi ningelikuwa mjinga wa namna gani nisisikie?"

Shosho alikuwa anatutazama, huyu kisha yule. Akafungua mdomo. Sote tukamgeukia. Akasema, "Rafu."

Mama Shiru akajifuta macho, akaniambia Jumapili kutakuja mama mmoja wa kanisani kwao kuchukua kazi, na mimi nivumilie mpaka siku hiyo, tafadhali. Alisema tafadhali. Nikaenda kukunja nguo zangu. Nilizikunja, nikazikunjua, nikazikunja tena, maana sikujua nitakuja kwenu na kukuambia nini. Kwamba nimerudishwa kwa sababu ya mikono? Kwamba nimempiga kikongwe? Nilifikiri hata kutokurudi kabisa, nikakae Pipeline mpaka aibu ipoe.

Kesho yake, Jumamosi, akaja mgeni. Mzee mmoja kutoka Gikomba anaitwa Mzee Karanja. Yeye na Shosho walikuwa na vibanda vya mbao vinavyopakana, na tangu Shosho augue alikuwa hajaja kumwona. Nadhani aliogopa. Alikuja na kofia mkononi na papai kwenye mfuko, akakaa ukingoni mwa kiti. Mimi nilikuwa nampa Shosho chai kwa kijiko, glavu mkononi. Mama Shiru amesimama mlangoni. Tangu jana hakuwa akiniacha peke yangu na mama yake.

Mzee akamsalimu kwa Kikuyu. Shosho akamtazama, akasema, "Rafu."

Mzee akaangua kicheko, kicheko cha furaha kabisa, mpaka akalengwalengwa na machozi.

"Ananiuliza mbao!" akasema. "Bado ananiuliza mbao!"

Akatueleza. Kule sokoni kwao kuna mbao za aina mbili. Kuna iliyopigwa randa ikawa laini, na kuna iliyotoka kwenye msumeno vilevile na nyuzi zake zimesimama. Hiyo ya pili inaitwa rafu. Shosho miaka yote aliuza rafu tu. Mteja akija na suti na kutaka zilizopigwa randa, alimpeleka kwa Karanja. "Alikuwa ananiambia, Karanja, wewe unauza mbao ya kuangalia. Mimi nauza ya kushika. Alizijua kwa mkono. Alifumba macho akapitisha kiganja hivi, akakwambia hii imetoka wapi, na ina unyevu kiasi gani."

Mzee aliposema "hivi" alinyoosha mkono wake mwenyewe, akaupitisha kwenye mkono wa Shosho uliolala mapajani. Mkono wa kulia. Ni mikono ya mtu wa misumeno ile, Dada, yangu mbele yake ni ya bibi harusi. Na Shosho akafumba macho.

Nikaona vidole vyake vinajikunja. Kidogo tu. Vidole ambavyo hospitali walisema havisikii kitu.

"Rafu," akasema. Safari hii hakulia. Nusu ile nzima ya mdomo wake ilicheka.

Nilisimama na kijiko changu. Kitu kilinipita kichwani, sikukielewa chote, lakini mikono ilielewa. Nikavua glavu. Mama Shiru akasema, "Zaituni," kwa sauti ya kunizuia. Sikumsikiliza, na siku nyingine yoyote ningemsikiliza. Nikapiga magoti, nikaushika mkono ule ule wa kulia, nikaupitishia kiganja changu kuanzia begani, kama nilivyofanya ile asubuhi ya kwanza bafuni kabla ya glavu, kabla ya mafuta. Mafuta yalikuwa yamenilainisha, ikabidi nikaze. Shosho akashusha pumzi. Akaegemea kwangu, kichwa chake kizito kikaja hapa kwenye bega langu, akasema neno lake kwa sauti ya chini kama mtu anayesema asante, au kama mtu anayesema hapohapo.

Mzee Karanja alikuwa anaangalia papai lake.

Halafu Mama Shiru akaja. Akaniambia nisogee. Akakaa chini, akauchukua mkono wa mama yake, akaupapasa. Yeye ana mikono mizuri, kucha zimepakwa rangi, ngozi kama ya mtoto. Akapapasa, akapapasa. Shosho hakugeuka. Alikuwa ananitafuta mimi kwa macho. Mama Shiru akasema, "Mami, ni mimi." Shosho akamtazama usoni kwa upendo kabisa, akatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umelala pale kama si wake. Alikuwa anamwona. Hakuwa anamsikia kwenye ngozi.

Yule binti aliinuka akaenda chumbani kwake na kufunga mlango.

Kuhusu ile alama, tuliijua siku hiyohiyo alasiri. Shosho alilala kidogo baada ya mgeni kuondoka. Mama Shiru alikwenda kumwangalia, akaniita, na safari hii aliniita kwa sauti ya kawaida. Mkono wa kulia ulikuwa umeteleza ukabanwa kati ya godoro na chuma cha pembeni cha kitanda, na Shosho ameulalia kwa uzito wake wote, anakoroma. Hasikii. Tukauchomoa pamoja. Alama mpya ilikuwa imeanza kujichora palepale juu ya ile ya zamani. Tukaviringisha blanketi kwenye kile chuma, yeye akafunga kwa kamba na mimi nikashika fundo kwa kidole.

"Glavu tupa," akaniambia.

"Zote?"

"Zote." Kisha akasema, "Si ungeniambia?"

"Ningekuambia nini, mama, na mimi nilikuwa sijui?"

Ndivyo tulivyomaliza. Hakuniomba msamaha kwa mdomo na mimi sikumwambia habari ya Alhamisi. Sijui nani kati yetu ana deni kwa mwenzake. Yule mama wa kanisani alikuja Jumapili na mkoba wake, akapewa chai, akaambiwa samahani, akaenda.

Utasema basi yamekwisha, neno limejulikana. Mimi pia nilisema hivyo kwa siku mbili. Lakini juzi nilimpa uji, akasema rafu. Nikadhani una mabonge, nikaukoroga, nikauonja, ulikuwa mororo kama maziwa. Mchungaji wao alikuja kumwombea, katikati ya maombi akasema rafu, na mchungaji akaitikia amina. Amemwona paka dirishani akasema rafu. Sasa nashindwa kujua. Huenda siku ile alinitaka mimi na mikono yangu. Huenda alikuwa anaota mbao zake. Huenda ni neno moja tu lililobaki kwenye ghala baada ya moto, na anapotaka chochote duniani ndilo analolichukua, liwe chumvi au liwe mtu. Nikimsugua nafurahi kwamba ananisifu, kisha najiambia, Zaituni, huyu alimwambia hivyohivyo na paka.

Fatuma anasema nafikiri sana. Anasema Shosho amenyamaza kulia, nimebaki na kazi, nataka nini kingine? Labda ni kweli. Lakini mtu akikuita jina kila siku ungependa kujua ni jina gani.

Na nyumba yenyewe imebadilika. Mama Shiru ananiheshimu kuliko zamani, ila haniangalii mikono. Nikiwa namsugua Shosho yeye hutoka. Jumapili hii baada ya kanisa nilimkosa ndani. Nikamtafuta, nikamkuta nyuma, kwenye kibaraza cha kuanikia. Humu ndani kuna mashine ya kufulia, ndiyo tunayotumia siku zote, sijawahi kufua shuka kwa mkono tangu nije. Yeye alikuwa ameinama kwenye karai, amepandisha mikono ya gauni lake la kanisani, anafikicha shuka za mama yake kwa sabuni ya mche. Kucha zote zimeshatoka rangi. Vidole vimekuwa vyekundu.

"Mashine imeharibika?" nikamuuliza.

"Hapana."

Nikasimama. Akaendelea kufikicha, hajui kufua kwa mkono vizuri, anakamata nguo nyingi kwa wakati mmoja. Baada ya muda akanyoosha mgongo, akaviangalia viganja vyake huku na huku, akaniuliza bila kunitazama:

"Itachukua siku ngapi, Zaituni?"

Nikashika ncha ya pili ya shuka, yeye akashika yake, tukakamua.

Nisikuchoshe, karatasi inakwisha na Shosho ameanza kujigeuza. Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie ile redio yake asiifungue tena mwenyewe kuitengeneza. Msalimie shangazi Mwanahamisi anayekaa nyuma ya msikiti, na umwombe aniombee dua. Mbusu Hamisi, na mpe pole ya goti aliloumia mpirani. Mjomba, baba yake Fatuma, mwambie binti yake ni mzima na anaswali. Nawe ukipata nafasi niandikie, usipige simu, na uniambie ukweli: kama ungekuwa wewe umekaa kwenye kile kiti cha plastiki, umenipa mgongo, neno hilo ungekuwa unamaanisha nini.

Ni mimi mdogo wako unayemsikia vibaya na kumpenda vizuri,

Zaituni